Pale Simu Iliposema Picha

Ujumbe wa maktaba uliingia Mama Povu akiwa anafuta meza. Aliiacha simu iusome huku mkono wake ukiendelea na kitambaa. Sauti ya simu aliiweka kwenye mwendo ambao mumewe aliuita wa nyuki waliochokozwa: mtu mwingine angesikia mvumo tu, lakini yeye alikuwa anashika kila neno, hata akiwa anakaanga, hata akiwa anagombana.

Simu ilimsalimu, ikamshukuru kwa taarifa aliyotuma kuhusu kitabu cha kutengeneza sabuni nyumbani. Ikasema ni kweli, picha iliyo mwisho wa sura ya tatu haikuwa na maelezo yoyote, na sasa mmoja wa wanaojitolea ameitazama. Si picha ya mapambo, ikasema simu. Ni jedwali la vipimo, na chini yake pana kisanduku cha onyo.

Mkono ukasimama mezani.

Aliirudisha sauti nyuma, akaipunguza mwendo mpaka ikawa ya mtu wa kawaida, akaisikiliza upya amesimama. Kila aina ya mafuta ina kipimo chake cha kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Mafuta ya nazi ndiyo yanayokula kostiki nyingi kuliko yote yaliyotajwa. Ya alizeti yanahitaji pungufu, karibu robo nzima. Kostiki inayokosa mafuta ya kuila haiendi popote, hukaa ndani ya sabuni, na sabuni hiyo huunguza ngozi na macho. Usimpe mtu sabuni yako kabla hujaigusisha kwenye ncha ya ulimi. Ikikuuma kama betri, itupe.

Sabuni aliyokuwa amempikia mtoto wa mdogo wake ilikuwa ya alizeti, na kostiki aliyoitia ilikuwa ya kipimo cha nazi.

Sabuni alifundishwa na shangazi yake, enzi macho yangali yanaona hata sindano iliyoangukia mchangani. Lakini shangazi alijua sabuni moja tu, ya kufulia, ya mafuta ya nazi, kwa kipimo kisichobadilika kama kiapo. Baadaye macho yakaanza kufifia katikati, kama karatasi iliyodondoshewa tone la wino likatambaa, mpaka akabaki na vivuli vya pembeni. Vitabu vikamfungia mlango. Kwa miaka akawa anasomewa na mume, na mume wake alikuwa fundi mwashi, mtu mwema sana anayesinzia kwenye ukurasa wa pili.

Kisha mtaalamu wa macho akamwandikia cheti cha kujiunga na maktaba ya mtandaoni. Maktaba hiyo haikuwa na jengo wala mlinzi wa kukukaripia. Ilikuwa ya watu ambao maandishi ya karatasini yamewakataa: wasioona, wenye macho mabovu, wenye mikono isiyoweza kushika kitabu, na wale ambao macho yao ni mazima ila herufi zikifika kichwani zinacheza ngoma. Mama Povu aliingia humo kama mtu aliyetoka kwenye njaa. Alipakua hadithi, akapakua vitabu vya kilimo bila kuwa na shamba, akapakua na kitabu cha sabuni.

Kitabu hicho kilitoa mfano wa mafuta ya nazi, na kipimo chake kikalingana sawasawa na cha shangazi. Alicheka peke yake siku ile. Tangu hapo alikiamini kitabu kama ndugu. Sura ilimalizika kwa sentensi moja: mafuta mengine hufuata njia hiyo hiyo. Halafu simu ikasema, "Picha." Halafu ikasema, "Sura ya nne."

Anayesoma kwa masikio huambiwa "picha" mara nyingi mpaka neno lenyewe linachakaa. Picha ni ua pembeni mwa ukurasa. Picha ni alama ya mchapishaji. Maktaba huwaomba wasomaji wake watoe taarifa wanapokuta picha isiyo na maelezo, na Mama Povu alikuwa mtiifu, alitoa taarifa kila mara. Aliwahi kusubiri wiki nzima maelezo ya picha ya sura ya kwanza, ajue siri iliyomo. Yalipokuja yalisema: mwanamke anatabasamu, ameshika mche wa sabuni. Tangu siku hiyo akawa anatoa taarifa na kuendelea na safari. Hasubiri tena watu wanaotabasamu.

Hivyo ndivyo alivyopima alizeti kwenye mzani wake unaosema, akapima na kostiki, akakoroga, akamimina, akakausha. Vipande vilipokauka vizuri alijaribu kimoja kwa kunawa mikono. Mikono haikulalamika. Lakini mikono ile ilikuwa ya mpika sabuni, sugu kama kanyagio la baiskeli, ingelalamika kwa lipi?

Sasa alipapasa rafuni, akatoa kipande kilichobaki, akakigusisha kwenye ncha ya ulimi.

Kilimuuma mpaka akarudisha kichwa nyuma. Maumivu yalipanda kwenye meno. Alitema kwenye beseni, akasukutua, akatema tena, na ulimi ukawa bado unawaka. Akawaza ngozi ya mtoto ambaye kitovu chake kimekauka juzijuzi.

Mumewe ndiye aliyeipeleka sabuni jana. Jioni yake mdogo wake akatuma sauti, ana furaha, anacheka: kesho mchana jua likikaza, mwanao ataoga sabuni ya mama mkubwa wake. Mama Povu alikuwa ameisikiliza sauti hiyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa kujivuna. Jua lilikuwa linamchoma begani kupitia dirishani. Mchana ulishafika.

Akapiga simu. Namba haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Akampigia mume, ikaita mpaka ikakatika, bila shaka yuko juu ya jukwaa karibu na mashine ya zege. Akamtumia sauti. Akampigia shemeji, mume wa mdogo wake, akakumbuka katikati ya mlio kwamba kazini kwao simu hufungiwa kabatini. Nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja zaidi mwenye simu, mavyaa wa mdogo wake, mama mzaa mumewe, ambaye kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Namba ya Bi Mkubwa hakuwa nayo. Hakuwahi kuitaka.

Bi Mkubwa ndiye aliyesema mbele ya ndugu wote, siku ya kuja kumwona mtoto, kwamba asiyeona kupika kostiki ni sawa na mtoto kuchezea wembe. Mama Povu alimjibu kwa upole wenye miiba. Alisema wembe humkata anayeona pia, hasa akiwa na mdomo mrefu. Watu walicheka. Mdogo wake alicheka kuliko wote, na hapohapo akaapa kwamba mwanawe hataoga sabuni nyingine ila ya dada yake.

Alichukua fimbo yake nyeupe, akatoka bila kufunga mlango.

Kwenye kona alikuwepo dereva wa pikipiki aliyeitwa Breki, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee ambacho pikipiki yake haikuwa nacho. Siku nyingine Mama Povu asingempanda hata kwa kubembelezwa. Leo alipanda kabla hajaulizwa anakwenda wapi.

Breki alianza utani wake, akauliza leo tunamkimbiza nani, mwizi au mchepuko. Alipoambiwa ni mtoto mchanga anayetaka kuungua, alinyamaza, akaitia pikipiki gia, na upepo ukamjaa Mama Povu masikioni. Alimshika Breki kiunoni kwa nguvu mpaka akahisi mbavu. Kwa kila tuta alilorushwa alimwona mtoto. Ajabu ya macho yaliyokufa ni hiyo, yalikuwa bado yanajua kuonyesha mambo ya kutisha. Aliona povu jeupe kwenye mikunjo ya shingo, aliona vidole vya mdogo wake, kwa upendo wote wa dunia, vikisugua.

Walipokaribia, pikipiki ikapunguza mwendo, ikasimama. Breki akalaani. Barabara ilikuwa imechimbwa upande hadi upande, watu wanalaza mabomba ya maji, na udongo umerundikwa kama makaburi. Alitaka kumshika mkono amvushe, lakini wachimbaji walikuwa wanamfokea aondoe chuma chake kwenye ubao, mtu atavunjika. Akasema atazunguka njia ya nyuma, amsubiri. Mama Povu hakusubiri. Mchimbaji mmoja alimshika kiwiko akamvusha kwenye ubao uliokuwa unapinda katikati, akamwachia ng'ambo, akamwambia nenda salama, mama.

Njia ile aliijua kwa masikio. Mbele kulikuwa na mashine ya kusaga, ngurumo yake inakuja mkono wa kulia, halafu fundi wa kuchomelea vyuma, cheche zake zinatatarika kama mafuta kwenye kikaango. Ukimpita fundi tu, unakata kushoto, unaingia uchochoro wa mdogo wake. Alikaza mwendo akiisubiri ngurumo.

Haikuja. Alitembea, akatembea, hakuna mashine, hakuna fundi. Mtaa ulikuwa kimya kama mtu aliyezibwa mdomo. Ndipo akaelewa: umeme umekatika. Ndiyo maana hata simu ya mdogo wake haipatikani, imekosa chaji. Mtaa wote umezimwa, na yeye amezimiwa barabara.

Alijaribu kunusa unga. Aliunusa kidogo, kisha ukapotea. Fimbo iligonga ukuta wa matofali, ukuta ukageuka mabati, na pale kwa mdogo wake hapakuwa na mabati. Amepita. Aligeuka, akatembea, akagonga mabati mengine ambayo hakuyakumbuka. Mikono ikamtoka jasho mpaka fimbo ikateleza. Aliita mtu yeyote. Jibu likawa la kuku tu. Watu wenye akili walikuwa ndani wamelikimbia jua.

Akasimama. Kusimama ndiko kulikomtisha kuliko kukimbia, kwa sababu akisimama alisikia moyo wake na mchana unavyokwenda.

Kisha akasikia mtoto analia.

Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga, chembamba, kinachokatika na kuanza upya. Watoto wachanga ni wengi mjini, akajiambia. Lakini nyuma ya kilio kulikuwa na sauti ya mwanamke inayopanda, na sauti hiyo aliijua tangu ilipokuwa inalilia titi la mama yao. Akaanza kukifuata kilio. Kila hatua kilikuwa kinamsaidia na kila hatua kilikuwa kinamchana. Alitaka kisinyamaze, maana kikinyamaza atapotea tena. Alitaka kinyamaze. Alikwenda hivyo, mkono mmoja ukiparuza ukuta, mpaka kidole kikakutana na geti lililo wazi na mguu ukakanyaga majimaji ya uani.

"Ataoga nayo," mdogo wake alikuwa anasema. Familia ilimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira. "Ataoga nayo, Mama, upende usipende. Ameitengeneza dada yangu kwa mikono yake."

"Hataoga nayo," akasema Bi Mkubwa. Kilio kilikuwa kinatokea upande wake, ndiye aliyembeba mtoto.

"Kwa sababu gani? Sema sababu."

"Nimesema hataoga."

"Kwa sababu dada yangu haoni. Si ndiyo hiyo? Iseme."

Bi Mkubwa akambana mtoto kifuani. Mtoto alizidi kulia. Kitinda akaona kivuli kwenye geti, akageuka, na sauti yake ikajaa faraja ya mtu aliyeletewa jeshi. Alimwambia dada yake afadhali umefika, njoo umsikie huyu, nimemvua mtoto, nimemtia kwenye beseni, ananinyang'anya kama kunguru na kifaranga.

"Kitinda," akasema Mama Povu, na pumzi haikumtosha. "Mtoto ameshapakwa sabuni?"

"Bado. Povu ninalo mkononi. Ndiyo ameninyang'anya."

"Hata tone?"

"Hata tone. Dada, vipi?"

"Nawa mikono. Kwa maji mengi. Hicho kipande usikiguse tena. Bi Mkubwa yuko sahihi."

Kitinda hakusogea. Alikuwa amepigana peke yake, kwa ajili ya dada yake, na dada huyo ameingia getini akamwangusha chini. Mama Povu alilijua hilo, akaendelea hivyohivyo, kwa sababu maneno ambayo angeyasema kwa utaratibu yangechukua muda. Alisema sabuni ni mbovu. Alisema kostiki imezidi, inaunguza, ameionja kwa ulimi wake, na ulimi ulikuwa bado umekufa ganzi. Alisema kosa ni lake. Hakutaja kitabu. Aliona kwamba akikitaja kitabu sasa atakuwa anajificha nyuma yake.

Maji yakamwagika kwenye beseni. Kitinda ananawa.

Mama Povu alisimama akisubiri. Alijua kinachofuata: nilisema mimi, nilisema mbele ya watu wote. Alishajiandaa kukipokea kifuani, atafunga mlango wa sabuni, ataishi kwa kusubiri fundi mwashi anayesinzia. Na angekipokea kwa shukrani, kwa sababu mtoto alikuwa mzima. Lakini hakikuja. Alisikia Bi Mkubwa anavuta kamasi, kama mtu mwenye mafua, na anajipangusa kwa nguo, na anajipangusa tena.

"Mama," akasema Kitinda polepole. "Jicho lako lina nini?"

"Vumbi."

"Hilo si vumbi. Limevimba. Na shavu limekuwa jekundu, mbona asubuhi sikuliona?"

"Asubuhi ulikuwa na macho ya kunitazama?" Bi Mkubwa alijaribu kuwa mkali, ukali ukamshinda njiani. Akamrudishia Kitinda mtoto. Akakaa kwenye kigoda, kigoda kikalia.

Akasema aliinawia ile sabuni asubuhi. Alitaka kuijua kabla haijamgusa mjukuu wake, maana uso wa mzee na mwili wa mtoto ni ndugu, vyote vinachubuka upesi. Povu likamwingia jichoni. Liliwaka, akasuuza kidogo, akadhani litapoa. Halikupoa.

"Na hukusema," akasema Kitinda.

"Ningesema, nani angeniamini? Mngesema Bi Mkubwa na chuki zake. Nilishasema mengi mabaya juu ya dada yako, la kweli likaja halina mahali pa kukaa."

Waswahili wanasema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa ameshazaa, analea na mjukuu, ila alificha jicho lake.

Mama Povu alisogea mpaka goti lake likagusa kigoda. Hofu iliyokuwa imeanza kumtoka ilirudi na wenzake.

"Unaona nini kwa jicho hilo?" akauliza.

"Naona."

"Unaona nini?"

Bi Mkubwa akaziba jicho zima kwa kiganja. "Ukungu," akasema.

Neno hilo ndilo Mama Povu alilomwambia daktari siku ya kwanza, akiwa bado ana macho, akidhani ni uchovu. Mambo yote aliyoyahofia njiani, mikunjo ya shingo, povu, vidole, hayakuwa na hili ndani yake: kwamba angemfanya mtu mwingine awe kama yeye.

Aliomba maji safi, yote yaliyomo ndani, na birika. Alimlaza Bi Mkubwa ubavu, jicho baya likiwa chini ili uchafu usitiririkie kwenye jicho zima. Kitinda alimlaza mtoto ndani, akawa analeta ndoo. Mama Povu alimimina kwa uzi mwembamba usiokatika, kidole gumba kwenye kope la juu, kidole cha shahada kwenye la chini.

"Fungua."

"Nimefungua."

"Hujafungua. Vidole vyangu vinajua."

"Yallah, mwanamke huyu ataniua."

"Geuza jicho juu. Sasa chini. Pande hizi. Usinishike mkono, Bi Mkubwa, nikipoteza uzi tunaanza upya."

Bi Mkubwa alitukana matusi ya zamani, yale ambayo vijana hawayajui tena, akatukana ukoo mzima mpaka akamfikia shangazi wa sabuni, ambaye hakuwahi hata kumwona. Maji yakaendelea. Ndoo ikaisha, ikaja nyingine. Walipomaliza, nguo za wote wawili zilikuwa zimelowa, na Bi Mkubwa alikuwa ananyonya hewa kwa meno kama mtu aliyetolewa kisimani.

Zahanati haikuwa mbali. Kitinda hakuweza kumwacha mtoto, na Breki na njia yake ya nyuma hawakuwa wametokea. Wakaenda wawili kwa miguu. Bi Mkubwa alifunika jicho kwa mtandio, la pili lilikuwa linabubujika machozi kwa kumhurumia mwenzake, na jua lilikuwa linamtesa. Baada ya kujikwaa mara ya pili, alishika kiwiko cha Mama Povu bila kuomba.

"Watu watasema kipofu anamwongoza kipofu," akasema.

"Wewe si kipofu."

Walitembea kidogo.

"Sema tena," akasema Bi Mkubwa.

Mama Povu akasema tena. Hakuwa na uhakika, na alijua kwamba mwenzake anasikia asivyo na uhakika.

Mganga wa zahanati alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka. Aliuliza ni nini kimeingia, lini, kimeoshwa na nini. Akaliosha upya, maji mengi zaidi. Akatia tone la rangi ya kuonyesha michubuko, akamulika, akanyamaza. Mama Povu alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Vyumba vya namna hii alivifahamu, na kimya cha mtu anayemulika jicho alikifahamu kuliko vyote. Katika kimya kama hiki ndiko alikowahi kusubiri aambiwe lake, na lililotoka lilikuwa baya.

Mganga akasema ngozi ya juu ya jicho imebabuka. Akasema kiini ni kizima. Ukungu ni wa kubabuka huko, utaondoka kidogo kidogo kwa dawa, arudi kesho litazamwe tena, na asilisugue hata liwashe vipi. Akaongeza kwamba maji ya nyumbani yalisaidia. Asubuhi yangesaidia zaidi.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri dawa dirishani. Bi Mkubwa alikuwa na pamba kubwa usoni, na kwa jicho lililobaki alikuwa anamtazama Mama Povu.

Akauliza kipimo alikitoa wapi. Sauti yake haikuwa ya kushitaki, ilikuwa ya mtu anayetaka kujua njia aliyopita nyoka. Mama Povu akamweleza habari ya maktaba, ya vitabu vinavyosomwa na simu, ya jedwali lililokuwa ndani ya picha, na jinsi simu ilivyosema neno moja na kupita. Ilibidi aeleze mara mbili. Bi Mkubwa hakuelewa kwa nini simu isome maneno yote ishindwe maneno yaliyochorwa. Mama Povu akasema simu haina macho, inasoma herufi ilizopewa, na picha kwake ni ukuta. Mpaka mtu mwenye macho aandike kilichomo ndani.

"Na huyo mtu amekwishaandika?"

"Ameniandikia mimi, baada ya kutoa taarifa. Wamesema wataweka na kitabuni."

"Wataweka. Hawajaweka."

"Bado."

Bi Mkubwa akamgeukia. Dirishani waliita jina la mtu mwingine.

"Hicho kitabu kiko wapi sasa hivi?"

"Kiko palepale maktabani."

"Wanakisikiliza wangapi?"

Mchana kutwa Mama Povu alikuwa amemfikiria mtoto mmoja na jicho moja. Hakuwa amewafikiria wengine. Maktaba ilikuwa na watu wa kila mahali, watu kama yeye, wenye mizani inayosema, wenye shangazi na wasio na shangazi, wenye wajukuu. Aliisikia sauti ile ikipita masikioni mwao wakati huohuo. Njia hiyo hiyo. Picha. Sura ya nne. Na mmoja wao anainuka, anatafuta mwiko.

Akaitoa simu mfukoni, akaanza kuandika kwa sauti, maneno yanapandana.

"Unafanya nini?"

"Nawaandikia wakiondoe leo."

"Barua mpaka isomwe, mtu ameshakoroga," akasema Bi Mkubwa. "Hawana namba?"

Ilikuwepo, chini kabisa ya ujumbe, mahali ambapo hakuna anayefika. Mama Povu akateremka mpaka simu ikaitaja, akaibonyeza. Akaishikilia katikati yao. Ikaita. Bi Mkubwa akasogea karibu mpaka pamba yake ikamgusa Mama Povu shavuni, inanuka dawa.

"Wakipokea," akasema, "nipe mimi kwanza. Mimi ndiye mwenye jicho."

Simu ikaendelea kuita.